Shikamoo Mbili

Ilikuwa Alhamisi tena. Jana ilikuwa Alhamisi, juzi ilikuwa Alhamisi, na Siwema binti Vuai aliamka akiwa amekwisha kukasirika, kwa sababu mtu hawezi kufanya kazi ya maana katika mji ambao Ijumaa yake haifiki. Kabla hajanawa uso, malalamiko yalikuwa yamekwisha kusukumwa chini ya mlango. Bi. Mkasi analalamika: amemtuma wakala wake kwa jirani akaazime kinu, huu mwezi wa tatu, kinu hakijaja, jibu halijaja, na wakala mwenyewe hajarudi. Mwenye duka la mikate analalamika. Imamu analalamika, kwa adabu, lakini analalamika. Na wote, kana kwamba walikaa kitako wakapatana, wamemalizia kwa maneno yaleyale: Ukumbi wako ni mzito. Wako! Ukiwa mwepesi ni wa mji mzima, ukiwa mzito ni wa Siwema.

Mji ule ulikuwa na jina, ila hakuna aliyekuwa na haja ya kulitaja. Watu wake walikuwa wameacha kusemezana. Usidhani walinuniana, la. Kila mmoja alikuwa na wakala wa kumsemea, basi wakaona hakuna sababu ya kuchoka. Wakala hakuwa mtu, wala hakuwa jini, ingawa wapo walioapa kuwa ni jini. Alikuwa maandishi yaliyofundishwa kusema. Unampa sura yako na sauti yako, unamwambia unachotaka na usichotaka, naye anakwenda Ukumbini kukutana na mawakala wa wenzako. Wanapatana huko, wanakuletea majibu, nawe hujavuka hata kizingiti. Njia za mji zilikuwa zimeota majani. Na Ukumbi huo, wenye mabenchi na milango na utaratibu wa nani aseme baada ya nani, Siwema ndiye aliyeuandika mstari kwa mstari, miaka saba iliyopita, au Alhamisi saba zilizopita. Tofauti ya hayo mawili ilikuwa imempotea.

Kazi yake, ukimuuliza akiwa hajakasirika, angekwambia ilikuwa kushika kati. Msemaji anasifiwa kwa kusema vizuri. Msikilizaji anasifiwa kwa kusikiliza. Hakuna mtu aliyewahi kuishukuru hewa iliyopo baina yao, na Siwema ndiye aliyekuwa mtengenezaji wa hewa. Lakini akikasirika, na alikuwa anakasirika siku nzima, aliwaza kwa vipande vipande, huku anatafuta kiatu cha pili. Kati. Kitu gani hicho, kati? Si wewe. Si yule. Nikikukuta wewe na nikimkuta yule, nitaikuta wapi kati yenu? Na kama haipo, mbona inaniuma mgongo? Mbona ndiyo inayoamua nani asikike? Mwenye nguvu si anayesema, bali ni yule aliyepanga zamu ya kusema. Yaani mimi. Basi mbona mwenye nguvu hana hata kiatu?

Kiatu alikipata chini ya kitanda, na Machano akamkuta bado ameinama.

Machano alikuwa msajili wa Ukumbi. Kila wakala aliyeingia aliandikwa na yeye, na kila aliyetoka alifutwa na yeye, na kwa kazi hiyo alikuwa amepewa muhuri, ambao hakuuweka chini hata wakati wa kula. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulimtia Siwema wazimu.

"Dada Siwema, nimekuletea jambo. Ila usinipigie kelele."

"Sijakupigia."

"Utanipigia. Ni ombi la kufutwa."

"Futa basi, Machano! Kuna watu elfu thelathini wanasubiri vinu na mikate, wewe unaniletea mtu anayetaka kutoka. Atoke, atupunguzie foleni."

"Muhuri wangu peke yake hautoshi. Unatakiwa na mkono wako." Akamnyooshea karatasi. "Amekuja mwenyewe dirishani. Kwa miguu yake. Mimi sijaona mtu dirishani tangu tufungue."

Siwema aliisoma huku amesimama. Jina: Vuai bin Kombo. Kazi: mpiga mbiu, zamani. Ombi: kufutwa. Lini: leo, alasiri. Sababu: nimesalimia, sikujibiwa.

Akaisoma mara ya pili. Vuai bin Kombo alikuwa baba yake.

Hapa lazima ijulikane kufutwa maana yake nini, kwa sababu katika mji ule halikuwa jambo dogo. Aliyefutwa haitwi. Ukimtaja, Ukumbi unakujibu kwamba hakuna mtu huyo, na mawakala, ambao wanaamini kila wanaloambiwa na Ukumbi, wanakwenda kuwaambia wenyewe wao kwamba hakuna mtu huyo, na wenyewe nao wanazoea. Muuza maji anaipita nyumba yako. Msiba wako hautangazwi. Baada ya muda hata mlango wako watu wanauona ukuta mtupu. Walikuwa wamefutwa watu wawili tu tangu Ukumbi ufunguliwe, na Siwema, aliyetia mkono wake mara zote mbili, hakuweza kuwakumbuka majina wala kama walikuwa wanaume au wanawake.

"Siweki mkono," alisema.

"Usipoweka, kanuni ya ishirini na mbili inasema kimya chako mpaka alasiri ni ndiyo."

"Basi nitaandika hapana."

"Hapana inataka mzungumze kwanza, wewe na mwombaji, Ukumbini. Kanuni ya ishirini na tatu." Machano alirudi nyuma hatua moja. "Uliziandika mwenyewe, dada."

Akapigiwa kelele, kama alivyotabiri. Alipokwisha kupigiwa alifuta uso, akasema kwa upole uleule kwamba sasa ni saa nne, na alasiri haiko mbali.

Mzee Vuai alikuwa sauti ya mji kabla ya Ukumbi. Asubuhi alitoka na mbiu yake ya pembe ya nyati, akasimama kwenye kila njia panda, akapuliza, na watu wakatoka na ndala zao kusikia nani amefiwa, nani ameokota mbuzi, kikao kiko wapi. Siku moja kabla ya Ukumbi kufunguliwa, na ilikuwa Alhamisi, alimpikia binti yake wali wa nazi, na kabla hajapakua akamuuliza: "Humo ndani, mkubwa nani?" Siwema alimjibu kwamba hakuna mkubwa, wote ni sawa. "Basi ataanza nani kusalimia?" mzee akauliza, wala hakuuliza kwa shari. Lakini Siwema alisikia shari, kwa sababu alikuwa hajalala siku tatu na swali lilimgusa mahali penyewe. Alimwambia baba yake kwamba ana wivu, kwamba zama za kupiga kelele njiani zimekwisha. Akatoka bila kula. Tangu siku hiyo waliachiana mawakala, na wakala wa baba hakuwahi kuleta neno hata moja. Siwema aliuchukua ukimya huo akaukunja, akauweka kifuani na kuuita hasira ya baba. Miaka saba aliulea.

Sasa karatasi inasema mzee amesalimia. Amesalimia wapi? Lini? Nani hakumjibu?

Akaingia Ukumbini.

Kuingia si kutembea. Unafumba macho mbele ya maandishi yako mwenyewe mpaka yanakuwa kuta. Siwema alipita ndani ya sentensi alizoziandika akiwa na miaka thelathini, akaona mkono wake wa wakati ule, wenye haraka na majivuno. Pembeni, hapa na pale, alikuwa amejiachia maelezo madogo: hapa pana ufa, nitaziba kesho, huu mlango unafunga vibaya, nitautazama kesho. Alipita kesho nyingi kweli. Hakuna hata moja iliyokuwa imefika.

Mbele yake ilikuwa foleni. Mawakala wa mji mzima walisimama mmoja nyuma ya mwingine, wametulia, kila mmoja ameshika neno la mwenyewe wake. Wakala wa Bi. Mkasi alikuwepo, ameshika neno la kinu kwa mikono miwili.

"Mnangoja nini hapa?"

"Wakubwa wasalimiane," wakala wa Bi. Mkasi alijibu. "Mkubwa hajamaliza salamu, sisi wadogo tutaanzaje? Zamani tuliwapita pembeni, sasa shikamoo zao zimejaa hadi pembeni."

Siwema alilitambua neno hilo. Kwa maana mle ndani mazungumzo yote yalifunguliwa kwa salamu, na hilo nalo alikuwa ameliandika yeye, akaliona zuri. Mdogo anasema shikamoo, mkubwa anapokea marahaba, na hapo tu ndipo neno linafunguka. Bila marahaba neno halifunguki, hata liwe la moto. Na kwa kuwa lazima ijulikane nani mdogo na nani mkubwa, na mawakala hawana miaka wala mvi, aliweka kanuni: aliyetangulia kuandikishwa ndiye mkubwa. Kumbe swali la baba yake alikuwa amelijibu wiki hiyohiyo, kimyakimya, bila kumwambia. Pembeni ya kanuni alikuwa ameandika: ya muda tu, nitarekebisha kesho. Na wa kwanza kuandikishwa, kwa kuujaribu tu mlango kama unafunguka, alikuwa wakala wake mwenyewe. Namba moja. Mkubwa wa wakubwa wote.

Akaifuata foleni mpaka mwanzo wake. Huko palikuwa na benchi moja, na kwenye benchi alikaa Siwema mwenye miaka thelathini, bado na mtandio wa rangi ya zambarau uliochanika zamani. Mbele yake alikuwa Mzee Vuai, kijana kidogo kuliko alivyo sasa, mbiu begani, amepiga goti.

"Shikamoo," alisema wakala wa mzee.

"Shikamoo, baba," alisema wakala wa Siwema.

Hakuna aliyepokea. Kisha, kana kwamba ndiyo kwanza wamekutana:

"Shikamoo."

"Shikamoo, baba."

Siwema alisimama akawatazama mpaka akahisi kichwa kinataka kupasuka.

"Mmefanya hivi tangu lini?"

Wakala wake aligeuza uso bila kuinuka. "Tangu siku ya kwanza. Mara milioni kumi na nne na ushee."

"Na hukupokea hata mara moja!"

"Uliniambia nisipokee. Uliniambia: baba yangu akitokea, hata tumegombana, umwamkie wewe, usije ukathubutu kupokea shikamoo yake. Nimethubutu?"

Hakuthubutu. Siwema akamgeukia wakala wa mzee. "Na wewe? Nani alikutuma umpigie goti mtoto wako?"

"Mwenyewe wangu aliniambia neno moja," alisema wakala wa mzee kwa sauti iliyowahi kutangaza misiba yote ya mji. "Alisema: kanuni za mwanangu zifuate zote, hata ile itakayokuudhi. Namba yangu ni ya pili. Namba yake ni ya kwanza. Mimi ndiye mdogo."

Siwema alikaa chini sakafuni, juu ya maandishi yake. Miaka saba aliyoiita hasira haikuwa hasira. Hawakugombana humu ndani hata dakika moja. Waliheshimiana mpaka wakakwama, na mji mzima ukakwama nyuma yao, na yeye, fundi wa kati, alikuwa nje anatafuta ufa ukutani. Alitaka kucheka, akaona uchungu. Alitaka kulia, akaona hasira inamtangulia. Hasira juu ya nani? Msichana yule mwenye mtandio wa zambarau ametii. Mzee ametii. Kanuni imetii. Kila kitu mle ndani kilikuwa kimefanya kama kilivyoambiwa, na ndiyo maana hakuna kilichokwenda.

Kubadili kanuni alijua hawezi. Ukigusa ukubwa wa namba moja, ukubwa wa wote unatikisika, na mazungumzo elfu thelathini yaliyosimama kwenye foleni yanaanguka na maneno yake yote, kinu na mikate na yaliyo mazito kuliko hayo. Njia ilikuwa moja. Akamwambia msichana wa benchini:

"Akikuamkia tena, pokea."

"Nipokee shikamoo ya baba?"

"Ndiyo."

"Sema hivyo basi. Sema: mpokelee baba yangu shikamoo. Mimi siwezi kufuta neno lako mpaka useme lingine kwa ukamilifu."

Siwema alifungua mdomo. Shikamoo ya baba haipokelewi na mtoto. Hili halikuandikwa na fundi yeyote. Lilikuwepo kabla ya kuta na litabaki baada yake. Kulisema ni kumweka mzee sakafuni na kukaa juu ya kiti chake huku anatazama. Alijaribu mara mbili. Ulimi ulikataa kama punda anayekataa daraja.

"Siwezi," alisema.

"Basi na mimi siwezi," alisema wakala. "Mimi ni wewe. Tofauti yetu ni kwamba mimi sina miguu."

Siwema alitazama chini ya benchi. Kweli, hakuwa nayo. Hakuwahi kumwandikia miguu. Ya kazi gani? Akaitazama ya kwake, yenye viatu viwili, kimoja kimefungwa vibaya, na hasira yote ya asubuhi ikapata mahali pa kwenda.

"Dada Siwema!" Machano alimwita alipomwona anatoka mbio. "Inakaribia alasiri! Mkono wako!"

"Ngoja nao huko!"

Njia ilikuwa ya majani mpaka magotini. Watu walifungua madirisha wakashangaa, kwa sababu walikuwa wamesahau kwamba mtu akipita anatoa sauti. Hakuna aliyemsalimia, si kwa ubaya, hawakujua wataanzaje. Siwema aliikumbuka nyumba ya baba yake kuwa upande wa pili wa mji, mwendo wa nusu saa, na kwa miaka saba umbali huo ulikuwa mmoja wa visingizio vyake. Alihesabu hatua arobaini akaiona. Sijui nani aliisogeza. Alipofika mlangoni hakujua ana miaka mingapi. Mkono uliogonga ulikuwa wa mtu mzima, lakini moyo ulikuwa wa mtoto aliyechelewa kurudi.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi."

Mle Ukumbini jibu hilo halikubaliki. Lazima utaje jina na namba. Mlango ulifunguka.

Mzee Vuai alikuwa amezeeka kweli, mwilini, kwa mifupa. Alimtazama binti yake kwa muda ambao hakuna kanuni iliyoupima. Kisha, kabla Siwema hajapata pumzi, wote wawili walipiga goti kwa pamoja na kusema kwa pamoja:

"Shikamoo."

"Baba, inuka," alisema Siwema. "Pokea."

"Pokea wewe. Namba yako ni ya kwanza."

"Baba, ile kanuni ni ya muda tu!"

"Ya muda ni ya lini mpaka lini?"

"Mzee wangu, hapa si Ukumbini. Hapa ni mlangoni kwako. Mimi ni Siwema. Nilikutapikia begani!"

"Ulisema humo ndani hakuna mkubwa. Nikaenda, nikakuta yupo, na ni wewe. Nikasema, haya, mwanangu kajenga mji, na mji una taratibu zake. Nikusujudie? Hapana. Nikuamkie? Ndiyo. Nimekuamkia. Hukuitika."

"Niliitika! Nilikuamkia na mimi!"

"Basi ndiyo maana," alisema mzee, na wala hakuinuka.

Wangeweza kubaki hapo. Siwema aliiona milioni ya kumi na tano ikianzia kwenye kizingiti kile, watu wawili wenye nyama na damu wakishindana kuwa chini, na akamchukia baba yake kwa ukaidi wake na akajichukia kwa kuurithi. Kisha akaliona goti. Goti la kulia la mzee, lililoegemea jiwe, lilikuwa linatetemeka, na mkono wake umeshika fremu ya mlango asianguke. Hakuwa ameinama kwa ukaidi peke yake. Alikuwa ameinama na hawezi kuinuka mpaka mtu amruhusu. Na kutoka msikitini adhana ya alasiri ilianza, na Siwema alijua kwamba huko nyuma Machano, kwa upole wake wote, anaushusha muhuri.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alisema.

"Marahaba, baba."

Neno lilitoka likiwa zito na baya, kama alivyojua litakuwa, na machozi yakalifuata. Alikuwa amepokea heshima ya mtu aliyemzaa. Lakini mzee alishusha pumzi ndefu, akaukamata mkono wa binti yake, akainuka kwa vipande, kwanza goti, kisha kiuno, kisha mgongo, mpaka akawa mrefu kuliko yeye, kama siku zote.

"Haya ingia," alisema. "Wali unapoa."

Siwema hakuelewa. "Wali gani?"

"Si uliondoka hujala? Nikamtuma wakala akwambie: njoo ule, wali unapoa. Hilo tu ndilo nililomtuma."

"Miaka saba, baba! Ndilo neno lenyewe hilo?"

"Ulitaka liwe lipi?" mzee alimshangaa. "Na usikae mlangoni. Kila Alhamisi napika, kila Alhamisi nampa paka. Nimechoka kumpikia paka."

Kule Ukumbini, jina la Vuai bin Kombo lilifutika. Wakala wake, mbiu begani, alipauka akawa ukuta, na msichana wa mtandio wa zambarau alibaki anaamkia sakafu tupu, "Shikamoo, baba," bila mtu wa kumzuia wala wa kumwitikia. Mdogo hakuwepo tena wa kumsubiri, kwa hiyo foleni ilifunguka. Kabla ya magharibi Bi. Mkasi alipata kinu chake, akaandika lalamiko jingine kwamba kina ufa. Mji mzima ulisema Siwema hatimaye ameufanyia kazi Ukumbi wake. Ukiwauliza mpiga mbiu alikuwa nani, wangekwambia hakuna mtu huyo.

Siwema alikuwa amekaa kwenye mkeka wa mtu huyo. Mzee alimmiminia maji ya kunawa, akamsogezea sahani, akarudi kukaa kwa taabu. Paka alikuja akaketi pembeni, akiwa na malalamiko yake. Wali ulikuwa umekwisha kupoa. Aliula wote.